Jibu la Pili

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kule Digbeth, upande wa pili wa mji huu, mwanangu, siku daktari alipokuja kiwandani kutuuliza hali. Kaa nikusimulie. Najua umetoka kazini na macho yanataka kufumba, lakini uji uko mezani na leo huendi popote. Nasra ndiye aliyeniamshia haya yote, yeye na kitabu chake cha chuoni.

Ulikuwepo juzi alipokuwa akinisomea. Ni hadithi ya Marekani ya zamani, wakati viwanda vilipokuwa vikizuka kila mahali na watu kutoka nchi za mbali wakimiminika humo kutafuta riziki. Alisoma kwa Kiingereza na kunitafsiria kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, maana mjukuu wangu kazaliwa hapa Birmingham na Kiswahili anakielewa zaidi kuliko anavyokisema. Akafika pale mfanyakazi mmoja anapouficha mkono wake ulioumia ili asifukuzwe kazi.

"Bibi, was it really like that?" akaniuliza, yaani kweli ilikuwa hivyo.

Kabla sijajibu, wewe ukainuka kwenda kuosha vikombe ambavyo nilikuwa nimeshaviosha. Nilikuona. Mama yako mkubwa kazeeka, hajapofuka.

Nilimwambia Nasra kwamba aliyeandika kapatia mengi. Baridi ya alfajiri getini kaipatia. Harufu ya kazi inayokufuata mpaka kitandani kaipatia pia, na ile hofu ya kusikia jina lako likiitwa. Ila watu wa kitabuni mwake wanalia, wanalaani, wanapiga meza kwa ngumi. Hapo nikaona hakutujua sisi. Sisi tulikuwa tukiulizwa hali, tunasema nzuri.

Kiwanda chetu kilitengeneza vishikio vya milango, na kazi yetu wanawake ilikuwa kuving'arisha. Unakishika chuma kwa mikono miwili, unakikandamiza kwenye gurudumu la kitambaa linalozunguka kwa kasi, mpaka unajiona uso wako ndani yake. Glavu zilikatazwa, kwa sababu gurudumu likiikamata glavu linaondoka na mkono. Basi tulichana khanga kuukuu tukajifunga vidole, maana chuma kilikuwa kinaunguza, na kipande kingine tukajifunga puani. Vumbi lilipita vilevile. Jioni ukipenga kamasi, leso inatoka nyeusi.

Gurudumu jirani na langu lilikuwa la Saumu, msichana wa Mombasa. Tulipanga pamoja nyumba moja hapa Lozells, na sijapata tena shoga kama yule. Alikuwa na mdomo! Kila bwana mkubwa wa kiwanda kampa jina la utani, na wenyewe wakipita tulikuwa tunauma khanga tusicheke. Msimamizi wetu tu ndiye ambaye hakumpa jina. Huyo alikuwa Bwana Gurdip, Singasinga aliyezaliwa Kisumu, mtu mzima mwenye ndevu zilizoanza kupata mvi, anayekisema Kiswahili bila kutafuta maneno. Mbele yake ulikuwa huwezi kumsengenya mtu.

Saumu akaanza kukohoa. Mwanzo tulisema ni hii baridi ya Uingereza, nani hakohoi? Kisha ikawa akipanda ngazi za nyumbani anakaa katikati, anajidai anafunga viatu. Mimi nakaa naye, najidai nami vyangu vimefunguka.

Siku ya daktari, ndani ya basi, alinishika mkono. "Leo n'tamwambia," akasema. "Kifua hiki kimenishinda, shoga yangu. Anitoe kwenye vumbi."

Tulikuwa tumeshaambiwa kwamba atakayeonekana ana kifua kibaya atahamishiwa chumba cha kufungia mizigo, ambako hakukuwa na vumbi. Daktari akaja, kijana mwenye haraka, akapita gurudumu kwa gurudumu, na Bwana Gurdip akimfasiria. Wanawake wa Kipunjabi walimweleza kila kitu, mpaka mgongo na miguu. Mama mmoja wa Jamaika alimfokea kama vile daktari ndiye aliyeleta vumbi. Wote hao walitolewa kwenye vumbi.

Wakafika kwa Saumu. "Daktari anauliza habari ya afya yako," akasema Bwana Gurdip.

"Nzuri, alhamdulillahi," Saumu akajibu.

Mwanangu, wewe umelelewa Tanga, huhitaji kufundishwa. Kwetu hata aliyekuja na habari ya msiba, ukimuuliza za huko anasema nzuri kwanza. Anakaribishwa, anakaa, anapewa maji. Unamuuliza tena, na hapo ndipo anakwambia kwamba tumefiwa. Jibu la kwanza ni heshima kwa aliyeuliza. Habari yenyewe iko kwenye jibu la pili, na kila mtu anajua hivyo, kwa hiyo anayeuliza husubiri.

Saumu alisubiri kuulizwa tena. Nilimwona amevuta pumzi, mdomo umeshafunguka. Bwana Gurdip akamwambia daktari neno moja la Kiingereza, daktari akaitikia kwa kichwa na kuja kwangu. Nami nikasema nzuri. Yakanitoka tu, kama yanavyokutoka wewe kila ukiingia mlango huu.

"Mbona hukumwambia?" nilimuuliza Saumu wakati wa chai.

"Hakun'uliza tena. Ulitaka nimkimbilie mgeni wa watu, nimshike shati?"

Tukacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamkata, akasema daktari atarudi. Hakurudi wakati Saumu angali na nguvu za kusimama.

Siku ya mwisho kufika kiwandani alianguka palepale, na chuma kikamponyoka kikaruka mpaka ukutani. Hospitali nilikuwa naenda kila nikitoka kazini. Jioni moja nikamkuta Bwana Gurdip ameketi kando ya kitanda, ameleta machungwa, anamenya moja ambalo alijua kabisa mgonjwa hatalila. Muuguzi akaja, akamuuliza Saumu anajisikiaje leo. Saumu alikuwa na mpira wa hewa puani, midomo imebadilika rangi.

"Fine, thank you," akasema. Ndiyo Kiingereza tulichojifunza kabla ya chochote. Muuguzi akatabasamu na kwenda zake.

Bwana Gurdip aliliweka lile chungwa chini, akanitoa nje kwenye ujia. Nilidhani ananipa pole.

"Nyinyi watu wa pwani, adabu yenu itawamaliza," aliniambia. "Mimi nimezaliwa Kisumu, hiyo nzuri yenu naijua. Siku ile niliijua pia. Nikampa daktari neno moja kwa sababu mlinipa neno moja. Sasa sikiza, binti. Hapa hakuna mtu anauliza mara mbili. Ni wewe lazima useme mara mbili."

Nilimkasirikia vibaya sana. Kama alijua, si angeuliza yeye mara ya pili? Nilitaka kumrushia maneno hayo, nikamwangalia usoni, nikaona machozi yanaingia kwenye ndevu. Alikuwa amejiuliza swali hilo kabla yangu, tena mara nyingi. Nikarudi ndani kwa Saumu.

Saumu alifariki kabla ya Ramadhani. Sisi wanawake wa Lozells ndio tuliomwosha. Tulisugua viganja vyake kwa sabuni na maji ya moto, taratibu, maana hata maiti haumizwi, lakini weusi kwenye mistari ya viganja ulikataa kutoka. Akazikwa nao. Na mimi siku ileile, nimerudi nyumbani kwenye matanga, jirani akanishika mkono mlangoni akaniuliza habari, nikamjibu nzuri. Usiku nikajichukia.

Kesho yake nilikwenda kwa Bwana Gurdip nikamwambia nzuri, kisha nikamwambia kifua changu kinauma na nikilala nasikia kinalia. Nilihamishwa, mwanangu. Ndiyo maana unaye mtu wa kukupikia uji leo.

Nasra alinipeleka pale Digbeth mwaka huu. Kiwanda sasa ni mahali pa vijana, wametundika picha ukutani na wanauza kahawa yenye povu kama maji ya kufulia. Palipokuwa na gurudumu la Saumu sasa pana kochi. Msichana mmoja aliyeketi pale aliniuliza kama niko sawa, maana nilikuwa nimesimama nikimkodolea macho. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Fine." Tabia haifi kirahisi, ndiyo maana nakusemesha mapema.

Sasa tuje kwako. Tangu uanze kazi ya kukata kuku kule mbele ya Shard End, kwenye chumba chenye baridi ya friji na kisu mkononi mchana kutwa, umeanza kula wali kwa kijiko. Wewe, mtoto wa dada yangu, uliyekuwa unalichota tonge mpaka sahani inang'aa. Kijiko chenyewe unakishika kwa ngumi. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji, na asubuhi vinakuwa vyeupe kama vya maiti. Kila siku nakuuliza habari za kazi, unasema nzuri, Mama mkubwa, unakwenda kulala.

Najua unachoogopa. Wakala anayekupangia kazi akisikia unaumwa hakupigii simu tena, anapigiwa mwingine. Hofu hiyo ni ya kweli na siidharau, nimeishi nayo. Lakini kazi ya kuku ikikukataa utatafuta nyingine, nami nitakuweka hapa mpaka uipate. Vidole hivyo sina pa kukutafutia.

Sikwambii utupe adabu ya kwenu. Ukiulizwa hali, sema nzuri, ni haki ya aliyekuuliza. Ila usiishie hapo. Kwa daktari usimngoje aulize tena, mwambie hapohapo panauma wapi na tangu lini. Msimamizi naye mwambie, na uwe na mwenzako anayesikia. Wasipokusikia, rudia, hata kama wataona huna haya. Na mimi ukiniona nimenyamaza, usidhani siulizi. Nakusubiri.

Mungu akulindie mikono yako, mwanangu. Akupe riziki isiyokula mwili wako, akurudishe kwa mama yako ukiwa na vidole vyote vya kumshikia mkono. Na Saumu amrehemu, amuulize mara ya pili na amsikilize mpaka amalize.

Haya. Nimevuta kiti, uji umepoa, na sina pa kwenda. Habari za kazi?

Hiyo nzuri yako nimeisikia. Nimeshakaa, mwanangu. Endelea.