Aliyekufa Kabla ya Kuulizwa

Habari ya kifo chake ilinikuta ufukweni Rumonge, nikigeuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, zilizokuwa zikikauka juani. Wifi yangu ndiye aliyeileta. Alikuja mbio kutoka upande wa soko, simu mkononi, kitenge kimelegea kiunoni, akaniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu awe mjane.

"Wifi, wamemuua! Yule mutu, wamemuua!"

Sikuuliza ni mtu gani. Nyumbani kwetu "yule mtu" alikuwa mmoja tu.

"Wamemukamata kwanza?" nikauliza.

"Wamukamate kwa nini? Ndege imemupiga akiwa ndani ya gari. Redio imesema. Imekwisha."

"Kwa hiyo hakusema kitu?"

Wifi alinitazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha asiyoijua. Kisha wanawake waliokuwa wakianika samaki karibu nasi wakaelewa kilichotokea, wakapiga vigelegele, na yeye akajitupa mikononi mwao, akilia na kucheka pamoja. Mimi nilibaki nimeinama, mikono imejaa magamba. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Lakini furaha ile ilikuja na kitu kingine ambacho sikukipatia jina, kitu kama kufika mlangoni kwa mtu uliyemtafuta muda mrefu ukaambiwa amehama.

Mume wa wifi yangu alikuwa mdogo wangu, wa mama mmoja na baba mmoja. Alikuwa askari. Alipelekwa Somalia na wenzake wengi wa hapa Burundi, kulinda amani, na sisi tukawa tunasema "yuko misiyo" kama watu wanavyosema mtu yuko shamba. Asubuhi moja gari lililojaa baruti lilivunja lango la kambi yao, na nyuma yake wakaingia watu wenye bunduki. Mdogo wangu hakutoka.

Jeneza lilifika limefungwa, na tukaombwa tusilifungue. Sisi ni Waislamu, desturi yetu ni kumwosha maiti na kumvika sanda kwa mikono ya watu wake. Shehe alituambia Mungu anajua hali yetu, tumswalie hivyo hivyo. Mkubwa mmoja wa jeshi alisimama akasema marehemu alikufa akilinda lango bila kurudi nyuma hata kidogo. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, kiganja juu ya ubao wa jeneza. Akanivuta karibu, akaninong'oneza.

"Weye uko na hakika ni yeye?"

Nikamwambia ndiyo. Sikuwa na hakika yoyote.

Yule mtu tulimfahamu baadaye, kwa sauti. Rekodi ilianza kupita kwenye simu za watu, ikafika mpaka sokoni Rumonge. Ndani yake kiongozi wa wale washambuliaji alijisifu kwamba yeye ndiye aliyepanga siku ile, tangu gari mpaka saa ya kuingia. Alikuwa ameshapanga mengine kabla ya hilo, hotelini na sokoni, na nchi nyingi zilikuwa zikimtafuta. Wifi alisikiliza mara moja akatapika. Mama alikataa hata kuisogelea. Mimi niliihifadhi.

Kilichonishika ni Kiswahili chake. Sisi wa mtaa wa Waswahili hapa Rumonge, mababu zetu walitoka Kongo na Kigoma, tunaongea chetu kilichochanganyika na Kirundi na Kifaransa, na Watanzania wakitusikia wanatabasamu. Yule mtu aliongea kama mwalimu mzuri. Hakupaza sauti. Alipanga maneno yake polepole, kila moja mahali pake. Na katikati, baada ya kutaja idadi ya watu aliodai kuwaua, alikohoa, akasema "samahani," kisha akaendelea.

Niliirudia sehemu ile nisijue mara ngapi. Mtu aliyeomba radhi kwa kukohoa. Nani alimfundisha adabu ile? Alimwomba nani radhi? Sisi tuliokuwa tukisikiliza?

Siku moja mteja wangu, mama mmoja mwema anayeimba kwaya kanisani, aliniuliza huku akichagua ndagala, "Lakini hawa si ni watu wa dini yenu? Mbona waliua Mwislamu mwenzao?" Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua. Hata mimi nilitaka kujua. Kuanzia hapo nilijijengea tribinali kichwani, mahakama yangu mwenyewe. Nilimwona amesimamishwa mbele ya majaji, mikono imefungwa, nami nimekaa kwenye benchi, nikisubiri zamu yangu ya kuuliza. Niliponunua samaki, niliposuka nywele, tribinali ile ilikuwa inaendelea. Kumbe wakati wote huo kulikuwa na watu wengine waliokuwa wakimtafuta kwa njia nyingine.

Jioni ile ya habari majirani walikuja nyumbani kama wanavyokuja kwenye sherehe. Mama alisema "Alhamdulillah" kwa kila aliyeingia, akawapa chai. Redio ilikuwa imewashwa. Ilisema ndege isiyo na rubani ilipiga gari njiani, nje ya mji mdogo, na kwamba ndani yake kulikuwa na mtu wa pili ambaye hakutajwa. Wageni walipoondoka Mama aliswali, akakaa kwenye mswala muda mrefu. Alipoinuka hakuzungumzia yule mtu kabisa.

"Ule wa pili alikuwa nani?" akauliza.

"Hawajasema, Mama."

"Dereva?"

"Sijui."

"Waulize."

"Nimuulize nani, Mama?"

Siku zilizofuata kila habari ilipoanza aliacha alichokuwa akifanya, akasogea karibu na redio. Yule wa pili hakutajwa tena.

Mimi na wifi tulikosana kwa sababu ya jambo hili. Tulikuwa uani tunatwanga sombe, majani ya muhogo, mimi nikasema, bila kufikiri sana, kwamba ingekuwa vizuri wangemkamata. Akausimamisha mchi.

"Ili akule, alale, apate na avoka wa kumutetea?"

"Ili ajibu."

"Ajibu nini? Mume wangu, nani alimuuliza kabla ya kumulipua? Alipewa avoka?"

"Hapana."

"Basi."

"Ndiyo maana sitaki afanyiwe vile alivyofanya yeye," nikasema. "Na isitoshe, nilitaka kumusikia."

"Weye umemusikia vya kutosha. Kila siku uko na ile sauti kwenye simu." Macho yake yalikuwa makavu. "Wifi, mimi tangu siku ile nilikuwa nafunga mulango na kuufungua tena nione kama umefungwa. Jana nimefunga mara moja, nimelala. Usinichukulie hiyo."

Alikuwa na haki yake, na sikuona namna ya kusema ya kwangu bila kumwondolea yake. Tukamaliza kutwanga kila mmoja akitazama kinu.

Nilijua mtu mmoja ambaye ningeweza kumuuliza. Rafiki wa mdogo wangu, aliyekuwa naye kambini siku ile, alirudi akiwa hai na sasa anaishi kwao Nyanza-Lac, ambako ana mashine ya kukamua mawese. Kwenye mazishi alinipa mkono, akaondoka kabla ya chakula. Nilipiga simu, akanikaribisha, na wiki iliyofuata nikapanda gari la abiria kwenda kusini.

Nilimkuta amepaka mafuta mpaka kwenye viwiko. Ni kijana aliyekulia kwenye kambi za wakimbizi Tanzania, Kiswahili chake ni kile kilichonyooka. Alinivutia kiti upande wake wa kulia.

"Kaa huku, dada. Sikio la kushoto halisikii tena."

Tuliongea habari za nyumbani, za bei ya chikichi, za mvua. Kisha nikamwambia nilichojia: nataka kujua kama na yeye alifurahi.

"Nilipiga magoti nikashukuru," akasema. "Halafu nikarudi kwenye mashine. Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu mimi nilitaka asimamishwe mbele ya jaji. Na nyumbani wananiona kama nimechanganyikiwa."

Alifuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kwa kidole. Ndipo akaniambia jambo ambalo sikulijua. Katika wale walioingia kambini mmoja alikamatwa hai, kijana aliyejeruhiwa mguu. Alishtakiwa kule kule, na rafiki huyu alipelekwa kutoa ushahidi kabla hajarudishwa nyumbani.

Nilishika kiti chake bila kujijua. "Alisema nini?"

"Hakuna."

"Hakuna kitu?"

"Mkalimani alimuuliza nani alimtuma. Sijui. Kwa nini aliingia. Sijui. Anajutia? Sijui. Alikuwa anatazama kucha za miguu yake. Aliomba maji mara moja. Dada, nilikuwa nimekwenda pale nikidhani nitamwona shetani, nitaelewa. Nikaona kijana ana kiu."

Tribinali yangu yote, niliyoijenga kwa muda ule wote, ilikuwa imesimama juu ya majibu ya mtu mmoja. Nikamwambia basi wifi yangu ana haki, kesi haina faida.

"Sikusema hivyo," akajibu, akageuza sikio lake zima karibu nami zaidi. "Na mimi waliniuliza. Jina langu, nilikuwa wapi, niliona nini, nilisikia nini. Nilisema tangu mwanzo mpaka mwisho. Kuna mtu alikuwa anaandika, na jaji hakunikatiza. Nilipotoka nje nilikuwa na njaa, mara ya kwanza tangu siku ile. Yule kijana walimhukumu, baadaye nikasikia wamempiga risasi. Sikucheka, sikulia. Yeye alisikilizwa akanyamaza. Mimi nilisikilizwa nikasema."

"Na sisi?" nikauliza. "Sisi nani ametusikiliza? Hata hatujui alikufaje."

Akashangaa. "Hamjui? Hawakuwaambia?"

"Walisema alilinda lango."

Aliangalia chini, kwenye pipa la mawese. "Nitakuja Rumonge," akasema.

Alikuja Ijumaa baada ya swala, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Mama alimkaribisha kwa ugali wa muhogo na samaki wa mukeke wa kukaanga, lakini kijana aliomba aseme kwanza. Tukakaa sebuleni, Mama, wifi na mimi, wote upande wake wa kulia. Nilikuwa nimemwomba wifi ruhusa. Alisema atakaa karibu na mlango ili aweze kutoka.

Alisema kila kitu. Mdogo wangu hakuwa zamu. Alikuwa amesimama kwenye foleni ya choo, ndala miguuni, taulo begani, akiwatania waliokuwa mbele yake. Mlipuko ulipotokea moshi ulifunika kambi, na kila mtu akakimbilia nyuma, kwenye mahandaki. Yeye alikimbia kuelekea langoni.

"Kwenda kupigana?" wifi akauliza.

"Hapana, shemeji. Hakuwa na bunduki. Alipotea njia. Nilimwita kwa jina, nikamwona anageuka kushoto badala ya kulia, na mimi nilikuwa nimeanguka. Sikumwona tena akiwa mzima. Jioni mimi ndiye niliyemtambua."

Nilimwogopea Mama. Lakini Mama alikuwa ameweka mkono mdomoni, na mabega yalikuwa yakitikisika, na nilichelewa kuelewa kwamba anacheka.

"Kushoto!" akasema. "Yoo, mwanangu! Alikuwa hajui kushoto na kulia. Ukimutuma dukani anaenda kutokea ziwani. Viatu alivaa vya kupishana mpaka ameoa!" Machozi yalimteremka. Akamshika yule kijana mikono yote miwili. "Ni yeye. Murakoze, asante, mwanangu. Ule muliyemuleta alikuwa yeye."

Wifi hakutoka nje. Aliuliza maswali mengi, madogo madogo: taulo lilikuwa rangi gani, aliwatania nini, walikuwa wamekula. Mengine kijana alijua, mengine alisema hakumbuki, na hakubuni hata moja. Chakula kikapoa, tukakila hivyo hivyo.

Alasiri mimi na wifi tulimsindikiza mgeni mpaka barabara kuu. Gari lilipoondoka naye tulibaki tumesimama kando ya wauza mapera, na nikaona ananitazama.

"Mi bado nafurahi alikufa," akasema. "Usifikiri nimebadilika."

"Na mimi nafurahi. Na bado ningependa angeulizwa."

"Hata kama angesema sijui?"

"Hata hivyo. Na yule wa pili garini, na yeye ningependa kumujua."

Alitikisa kichwa, lakini hakukasirika. Tulianza kurudi. Tulipofika karibu na msikiti akanigusa mkono.

"Haya, tuseme tribinali yako iko hapa. Yule mutu amesimama. Ungemuuliza nini kwanza?"

Nilifikiri nina swali lile tayari. Nilikuwa nalo kwa muda wote. Lakini lilipotakiwa mdomoni lilikuja lingine.

"Ningemuuliza kama alijua majina ya wale aliowaua. Hata jina la mmoja."

"Angesema hapana."

"Basi ningemutajia."

"Yote?"

"Nijuayo. La mume wako kwanza."

Wifi akalitaja yeye mwenyewe, kwa sauti, jina lile lote, na la baba na la babu, kama linavyotajwa kwenye ndoa. Mzee aliyekuwa akipita akadhani anaitwa mtu, akageuka kutazama nyuma. Hakukuwa na mtu. Tukamwomba radhi, tukaendelea na njia.