Shavu la Ta Elipidius na Kitako cha Shotigani

Magego manne ya upande wa kulia yalimtoka mzee Elipidius, au Ta Elipidius kama tunavyomwita kwa heshima, kwa siku moja, kule Kayanga, mikononi mwa daktari kijana aliyekuwa anapiga mluzi huku anayang'oa. Mluzi, jamani! Mzee akarudi kijijini Rugu kwa bodaboda, taya limefungwa kitambaa, akamwambia mkewe Kokuhirwa kwamba sasa maumivu yamekwisha, atalala. Na kweli alilala. Ila hakujua kwamba kwenye lile beseni la daktari alikuwa ameacha meno pamoja na shabaha yake ya miaka ishirini na sita.

Maana huyu ndiye aliyekuwa mlinzi wa mashamba. Kijiji kina shotigani moja tu, ya mtutu mmoja. Anayeibeba ni askari wa wanyamapori wa kijiji, mtu aliyepita mafunzo na jina lake likaandikwa. Posho yake haifiki hata kununua viatu. Lakini nguruwe pori wakishuka alfajiri kuchimbua mihogo ya watu, haitwi mwenyekiti wala haitwi mbunge. Anaitwa Ta Elipidius. Na mzee alilipenda hilo, sitawaficha. Kuitwa kulimpendeza kuliko nyama yenyewe.

Basi baada ya magego, akaanza kukosa. Alikosa dume moja kubwa kwenye mahindi, hatua ishirini, mnyama amesimama ubavu kama anapigwa picha. Wiki iliyofuata akakosa tena, kwenye mihogo ya jirani yao Vero, na nguruwe wakarudi siku ya pili kumalizia walichobakiza. Gololi, zile chembe za risasi, zote zilipita juu ya migongo. Vero alilia, akatukana, akalia tena. Huwezi kumlaumu, mihogo ile ndiyo ilikuwa chakula cha wanawe mpaka mavuno.

Kijiji kikaamua palepale kwamba ni macho. Mzee ana miaka sitini na nane, sasa itakuwa nini kama siyo macho? Mwenyekiti wa kijiji, Mwebesa, akasema kwa sauti ya huruma, ile sauti ya kumwongelea mtu aliye mahututi, kwamba umefika wakati Ta apumzike na bunduki apewe Gosbert. Gosbert ni dereva wa bodaboda, ana miaka thelathini, mafunzo amepita, mashavu yamejaa. Si mtu mbaya. Ila alianza kuitwa afande kabla hajapewa chochote, na akawa anaitika.

"Macho yangu yanaona kupe kwenye sikio la ng'ombe wa mtu wa ng'ambo!" Ta Elipidius alifoka. "Anayesema sioni aje nimhesabie nywele za pua!"

Hakuna aliyekuja. Afisa wanyamapori, Bwana Mutalemwa, mtu wa Muleba, akaarifiwa, akapanga siku ya kuwapima wote wawili kwa shabaha. Zilibaki siku tisa.

Aliyelifumbua jambo ni Kokuhirwa. Mumewe alikuwa na uvimbe chini ya jicho la kulia, umeiva rangi ya zambarau, na vijiweni walikuwa wanacheka kwamba mama mwenye nyumba kamzaba. Yeye hakucheka. Aliukanda kwa maji moto huku anaufikiria.

"Baba Asiimwe, nani anakupiga hapa?"

"Nani anipige? Bunduki hiyo. Siku hizi inarusha teke usoni."

"Mbona zamani ilikuwa haikupigi?"

Mzee akalishika shavu. Kweli, mbona?

Mchana ule Kokuhirwa akateremsha kioo kikubwa cha chumbani, akakiegemeza ukutani uani. Mzee akaikunja shotigani katikati, wote wawili wakachungulia mtutu, mtupu, hakuna risasi, akatia na kidole kuhakikisha. Akasimama mbele ya kioo. Akafumba macho, akaiinua bunduki, akalaza shavu juu ya mgongo wa kitako kama alivyozoea miaka yote, kisha akafumbua.

Kwenye kioo jicho lake la kulia lilikuwa limezama. Nusu yake ilifichwa na chuma cha nyuma ya mtutu. Akainua kichwa kidogo, na jicho likatokea lote, lakini hapo shavu likawa limeacha mti wa kitako, na Kokuhirwa aliyesimama kando akapitisha vidole viwili kwenye nafasi iliyobaki.

"Haya ona," akasema. "Shavu lako limebaki Kayanga."

Loo! Yale magego ndiyo yaliyokuwa yanalijaza shavu. Lilipobonyea, jicho likashuka, na mzee bila kujijua akawa anainua kichwa ili aone. Leo anainua hivi, kesho vile, na kila akiinua risasi zinapanda juu. Kisha kitako kikiruka kinakuta shavu liko hewani, kinalizaba. Mzee alikaa chini kwenye kigoda, akacheka mpaka akakohoa, halafu akakasirika. Wiki nzima wamemwita kipofu!

Kumbe Vero alikuwa anapita nyuma ya ua. Alichokiona yeye ni mzee amefumba macho, anajielekezea bunduki kwenye kioo. Kabla ya jioni habari ilikuwa imefika mpaka njia panda ya Ihanda: Ta Elipidius amerukwa na akili, anataka kujipiga risasi kwenye kioo. Mwebesa akaja mbio kuichukua shotigani, akaifungia ofisini mpaka siku ya kipimo. Mzee akaomba aende ofisini walau aipime na kuirudisha mbele ya watu. Akakataliwa.

Sasa mtu mwingine angesusa. Yeye akachonga kitako cha kuigiza kwa mti wa mgrevilea, kwa vipimo alivyovijua kwa mikono yake, akasimama nacho mbele ya kioo siku saba, wapita njia wakimchungulia. Watoto walimcheka, akawaambia wacheke vizuri, wasijinyonge kwa kicheko. Kokuhirwa akakata vipande vya ngozi ya mbuzi, kila kimoja unene wa sarafu ya shilingi mia. Kimoja hakikutosha. Viwili, jicho likachungulia. Vitatu, jicho likakaa sawa juu ya mti, shavu limelala, shingo haijajikaza. Cha nne kilizidisha, wakakitoa. Kokuhirwa akavifunika kwa ngozi moja pana, akaitoboa matundu kingo zote mbili, ya kufungwa chini ya kitako kwa kamba ya kiatu.

Siku ya kipimo watu walijaa kwenye shimo la moramu, panapochimbwa kifusi cha barabara, kuliko waliokuja kwenye mkutano wa maji. Gunia la majani makavu lilikuwa limechorwa nguruwe kwa mkaa, hatua thelathini. Kila mmoja risasi tatu. Inahesabiwa ile iliyoingiza gololi tano au zaidi ndani ya mchoro. Gosbert alianza. Mbili zikaingia, moja ikapotea. Watu wakapiga makofi.

Gunia likabadilishwa. Ta Elipidius akaipokea bunduki, akatoa ngozi yake mfukoni, akaanza kufunga kamba.

"Hapana, mzee wangu," akasema Mutalemwa. "Hiyo ni mali ya kijiji, huwezi kuibadilisha."

"Nimepiga msumari? Nimepaka gundi? Nikimaliza nafungua, inabaki kama ilivyotoka kiwandani."

"Hata hivyo. Usawa, Ta. Mwenzio amepiga bila kitu."

Ta Elipidius akaacha kamba. Akamtazama afisa, kisha zile karatasi mkononi mwake.

"Bwana Mutalemwa, hebu vua hiyo miwani."

"Kwa nini?"

"Ivue, utusomee majina yetu hapo. Gosbert anasoma bila miwani. Usawa."

Shimo zima likaangua kicheko. Mutalemwa akaigusa miwani yake, akaiacha palepale usoni.

"Mwenzangu mashavu alipewa na mama yake," mzee akaendelea, na sauti yake haikuwa ya kuomba. "Yangu nimetengeneza mwenyewe na mke wangu. Mkiniambia nimekosa shabaha, nitakubali na nitakwenda nyumbani. Lakini hamtaniambia nipige kwa uso ambao sina."

Afisa akarudi nyuma hatua moja. "Funga," akasema.

Mzee akafunga, akaikaza, akaweka risasi. Akainua. Shavu likalala. Mlio wa kwanza, gunia likatikisika. Wa pili. Kwa wa tatu alichelewa. Kumbe alikuwa anasubiri jasho litoke kwenye kope. Akapiga. Walipokwenda kuhesabu, tumbo la nguruwe wa mkaa lilikuwa halitazamiki. Tatu kwa tatu, wala uso wa mzee haukuguswa na teke.

Vero ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, huyohuyo. Gosbert akaja, akasema, "Shikamoo, Ta," akampa mkono kwa heshima, nami namheshimu kwa hilo.

Mwebesa akafungua daftari juu ya goti, akaandika huku anatabasamu. "Haya, mzee wetu, tumekupa mwaka huu. Mwaka mmoja, halafu upumzike."

"Kijana angeshinda mngemwandikia mingapi?"

"Aa, kwa utaratibu ni mitatu, lakini kwa umri wako, Ta..."

"Kata."

"Mzee..."

"Sikupiga risasi moja, nimepiga tatu. Kata hiyo, uandike mitatu, nikiwa nakuona."

Mwenyekiti akamtazama afisa, afisa akatazama juu. Basi akakata, akaandika mitatu. Ta Elipidius akasubiri wino ukauke, akatia saini yake ndefu, kisha akaiweka bunduki begani na kuuliza ni shamba la nani lililochimbuliwa asubuhi ile.