"A Few" ya Mama Mashuka Ni Taulo Ngapi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, simu ya stoo ya mashuka inalia. Mkono wa Mama Mashuka unaachia foronya na kunyooka wenyewe, kisha unarudi. Simu hiyo si yake tena. Anayeipokea ni mdogo wake wa tumbo moja, na Kiingereza kinamtoka kama maji.

Mgeni wa chumba namba 31 anaomba taulo "a few", yaani chache. Mdogo mtu anahesabu nne, anazipeleka.

"Yule mama ana watoto watatu, na jana walishinda bwawani," dada mtu anamnong'oneza mwandishi wa gazeti hili mlango unapofungwa. "Anataka nane. Subiri utaona."

Dakika kumi hazijaisha, simu inalia tena. Mama Mashuka anakunja foronya kwa furaha ambayo hajisumbui kuificha.

Ana miaka kumi na nne katika hoteli hii ya vyumba sitini na mbili. Aliingia na elimu ya darasa la saba na maneno ya Kiingereza yasiyozidi kumi. Namba hazikumpa tabu. Kilichomtoa jasho ni maneno ambayo wageni huyatumia wakiona haya kutaja idadi: "a few", "several", "a couple".

Basi akajitungia utaratibu. Kila siku hupita kwenye korido, akihesabu viatu milangoni na kuchungulia vyumba vinaposafishwa. "A few" ya mfanyabiashara aliye peke yake ni taulo mbili. Ya mama mwenye mtoto mchanga ni sita. "Several", yaani kadhaa, ya watu wa semina ni kubeba mpaka mikono ikatae.

Ni yeye mwenyewe aliyemwombea mdogo wake kazi, miaka miwili iliyopita. Kwa miezi sita akakata nusu ya mshahara wake kumlipia masomo ya Kiingereza. Cheti kilipofika, meneja akamkabidhi mdogo mtu simu, na posho ya kuipokea, siku hiyohiyo.

"Niliumia. Nimemwonea wivu damu yangu, nisikufiche," anasema. "Wageni wakimsifu, mimi natazama pembeni."

Darasani mdogo wake aliambiwa "a few" ni tatu au nne na "a couple" ni mbili. Ndizo anazotoa, mgeni awe nani.

Wiki iliyopita, jioni, mgeni mmoja mzee aliomba blanketi "a couple". Zikaenda mbili. Mama Mashuka alikuwa amesimama palepale. Mchana alikuwa amemwona mke wa mzee akitetemeka kwa homa, na alijua mbili hazimtoshi hata huyo mgonjwa. Akachukua mkoba, akaenda zake. Stoo ikafungwa mpaka asubuhi.

Asubuhi mzee alishuka mwenyewe, na shati jepesi. Alieleza kwa upole kwamba blanketi zote mbili na koti lake alimfunika mkewe, naye akakesha kitini. Mdogo mtu akapewa barua ya onyo. Jumatatu meneja ataamua kama atamhamishia kwenye mashine za kufulia na simu irudi kwa dada yake.

"Nilifurahi. Kama dakika tano hivi," anasema Mama Mashuka. "Halafu nikamwona anaisoma ile barua, anairudia, ananiuliza mimi: 'Dada, nimekosea wapi?'"

Hajamjibu mpaka leo.

Mwandishi anamuuliza kama hayo yaandikwe au yaachwe. Viganja vya Mama Mashuka vinalainisha shuka ambalo limeshanyooka. Anasema Jumatatu atamtangulia kila mtu ofisini, amwambie meneja kuwa alijua na hakusema. Anataka pia kuanza kupita na mdogo wake kwenye korido, amwonyeshe viatu. Simu bado anaitamani, hilo halijaisha. Linalomshinda ni kumtazama mdogo wake machoni.

"Andika," anasema. "Gazeti la Jumapili halimpiti. Mimi mdomo umekataa. Yeye atasoma."