Kuta za Wauza Sambaza

Kwenye kiwanja chetu kidogo cha ndege, nje kidogo ya Bukavu, kazi yangu ilikuwa kupanga kodi za nafasi za biashara na kufuatilia ujenzi. Kodi nilizipanga kwa karatasi moja niliyojivunia kupita kiasi: banda la wazi, bei ndogo, chumba chenye kuta na mlango, bei ya juu, na garantii, yaani kodi ya miezi sita inayolipwa mkononi kabla ya kuingia. Bosi alipoisaini chini ya saini yangu aliniambia nina kichwa. Nilifurahi sana, na leo nikikumbuka ninajichukia.

Huyo bosi ndiye aliyekuwa parrain wa ndoa yangu. Alisimama nami kanisani kama msimamizi, na kila nilipogombana na mke wangu tulikwenda kwake Ibanda, tukaketi sebuleni mpaka tukapatana. Kwa hiyo aliponiambia kwamba akina mama wauza chai na sambaza, vile visamaki vya ziwani, wahame, banda lao la mbao lijengwe upya kwa saruji, kisha warudi kwa bei ile ile, sikumwomba ayaandike hayo. Nani anamdai parrain wake karatasi?

Akina mama walikuwa saba. Aliyewaongoza alikuwa mjane aliyekaanga sambaza pale kabla mimi sijaajiriwa. Kwa banda hilo alikuwa amesomesha watoto watatu, na wa nne alikuwa bado shuleni. Hakutaka kuhama. Nilimwendea mara tatu, na mara ya tatu nikaapa kwa jina la mama yangu. Kesho yake walibomoa wenyewe, mbao moja moja, wakaondoka.

Saruji ikamwagwa, nguzo zikasimama, paa likapigwa. Kisha asubuhi moja nikakuta mafundi wanapanga matofali kati ya nguzo. Kwenye plani hapakuwa na ukuta hata mmoja. Nikamwuliza bosi.

"Ni juu ya mvula," akasema. "Unataka bamaman balowe?"

Niliona aibu kwa kuuliza. Siku hiyo hiyo nikapanda pikipiki hadi sokoni, alikokuwa amejishikiza yule mjane, nikamwambia kwamba wanajengewa hadi kuta, na milango ya chuma. Alinifungia sambaza kwenye karatasi, akakataa pesa yangu.

"Mungu akubariki, papa."

Nilizila njiani, zingali moto.

Mtu yeyote aliyeisoma ile karatasi yangu ya kodi angeshtuka. Mimi niliyeiandika sikushtuka. Wiki ya ufunguzi akina mama walifika na masufuria yao, na mlinzi akawaonyesha nakala za karatasi hiyo hiyo zimebandikwa kwenye milango yote saba: chumba chenye kuta na mlango, bei ya juu, garantii ya miezi sita. Saini zilikuwa mbili, ya bosi na yangu.

Niliingia ofisini kwake bila kubisha hodi. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

"Bei, wewe njo uliandika," akasema. "Na nilikutuma wewe juu bale bamaman banakuamini."

Alisema hivyo kana kwamba ananisifu. Muda wote ule alikuwa akinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nikimshukuru.

Nilipotoka, mjane alikuwa bado amesimama mbele ya mmoja wa milango ile.

"Papa, ulikuwa unajua?"

"Hapana, maman. Nakuapia."

"Kama haukujua, sasa sisi tulikuwa tunakuamini juu ya nini?"

Akajitwika sufuria lake, wenzake wakamfuata. Baadaye nilisikia kwamba yule mtoto wa nne ameacha shule.

Sikuacha kazi. Ningependa kuandika kwamba niliacha, lakini sikuacha. Mpangaji wa kwanza alikuwa mke wa bosi, marraine wetu wa ndoa, na chumba alichochagua kilisimama palepale mjane alipokuwa akikaangia. Aliniuliza habari za nyumbani, nami nikamjibu kwamba sote wazima. Kisha nikainama kidogo, nikamkabidhi ufunguo kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anavyompa marraine wake.