Mbata Katika Makanda

Nilirudi Mombasa kutoka Bara Hindi baada ya vita kwisha, nikiwa na shahada ya uchumi na suti ya pamba iliyokunjamana melini. Baba yangu, mwalimu wa madrasa hapo Mji wa Kale, alinipokea kwa dua ndefu. Kabla hatujafika nyumbani alikuwa ameshanieleza mipango yake: nitaingia serikalini, nitapewa meza yangu, nitavaa viatu kila siku.

Nilikwenda. Ofisa wa Kizungu aliitazama shahada, akanirudishia, akasema kwamba kwa mtu wa huku nafasi iliyopo ni ya karani mdogo, nami nitakuwa chini ya kijana wa kwao aliyemaliza shule tu. Alisema kwa upole, kama anayenipa zawadi. Nikamwambia hainitoshi. Akauliza nadhani nitapata wapi iliyo bora. Nikamjibu hilo si shauri lake, nikatoka.

Nilichokitaka nilikijua tangu Bara Hindi. Nilikuwa nimesomea jinsi bei inavyofanyika, na huku kwetu bei ya mbata, nazi kavu inayokamuliwa mafuta ya kupikia na ya sabuni, ilikuwa hainiingii akilini. Ng'ambo watu waliipigania, lakini wakulima wa pwani ya kusini walioivusha kwa feri walirudi makwao wakinung'unika vile vile. Nikaomba kazi kwa mnunuzi mmoja mkubwa, mzee aliyekuwa na ghala karibu na bandari ya zamani. Baba alipopata habari alisimama mlangoni, akanizuia kupita.

"Sikukupeleka Bara Hindi uje unuke mbata," alisema.

"Minazi ya babu ndiyo iliyonipeleka, baba," nikamjibu, nikapita ubavuni mwake.

Ghalani nilifunzwa kuvunja kipande na kusikiliza: kikavu hulia, kibichi hujikunja kimya. Nilifunzwa kunusa ukungu kabla haujaonekana. Mzee alinifunza kwa moyo mweupe, na hilo sitalikana. Lakini kila asubuhi alikwenda kunywa kahawa kwenye baraza moja ya Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale, pamoja na wanunuzi wenziwe, na wakiinuka hapo wote walikuwa na bei moja. Hawakuificha hata kidogo. Siku moja nikamuuliza itakuwaje mmoja wao akitoa zaidi. Alinitazama kama niliyeuliza itakuwaje jua likichomoza magharibi.

"Atakuwa peke yake," akasema.

Basi nikaamua kuwa huyo. Nilimshukuru kwa yote, nikaaga.

Nilisimama Feri, mikokoteni inapopakiwa, nikawaeleza wakulima shauri langu: wanipe mbata mali kauli, yaani wanikabidhi mzigo kwa neno tu, niuuze moja kwa moja kwa mwenye kinu cha mafuta, kisha nitoe fungu langu mbele ya macho yao. Walisikiliza kwa adabu, wakaenda zao kwenye maghala. Aliyebaki ni mjane mmoja wa Kidigo, mwenye shamba la minazi nyuma ya Likoni. Aliulizia nyumba yetu, akaenda kumkabili baba: je, mwanawe ni mtu wa kuaminiwa au la? Baba aliichukia biashara ile kwa roho yake yote, lakini hakuweza kumwambia mjane kwamba amelea mwizi.

"Mwanangu hali mali ya mtu," alimwambia. Kisha akarudi ndani akiwa amekasirika kuliko mwanzo.

Wanunuzi walipopata habari hawakugombana nami. Walininyima magunia tu. Tangu vita magunia yalikuwa adimu, na yote yalikuwa mikononi mwao. Mbata ya yule mjane ilirundikana katika vyumba vya chini vya nyumba yetu, na wageni wa baba wakawa wanapanda ngazi wameziba pua.

Mama, ambaye hakuwa ametia neno lolote katika jambo hili, aliuliza kabla ya magunia watu walikuwa wakitilia nini. Akawaita wanawake wa mtaani, wakakaa juu ukumbini wakichana miyaa ya mkoma, wakisuka kili ndefu na kuzishona ziwe makanda, vikapu vya kutilia mzigo. Wengine walikuja kwa ukaidi tu, kwa kuwa waume zao walikatazwa na wanunuzi kunisaidia.

Makanda yalipojaa, hamali aliyekuja na mkokoteni alitaka kupitia uchochoro wa nyuma. Nikamwambia apite Ndia Kuu, mbele ya baraza. Wanunuzi walicheka walipotuona na makanda kama watu wa zama za mababu. Niliwasalimu mmoja mmoja kwa heshima, nikaendelea kusukuma.

Mwenye kinu alitia mkono hadi chini ya kanda, akatoa vipande, akavivunja. Hakuuliza habari ya magunia. Aliuliza kama ipo nyingine.

Yule mjane alipokea haki yake, zaidi ya bei ya baraza, ukumbini kwetu, baba akiwa shahidi, na msimu ule wenziwe walinifuata. Hapo ndipo mzee wa ghala aliponiita barazani.

"Ndoo ukae nasi," alisema. "Mahali pako papo."

"Nikikaa, bei itakuwa ya nani?" nikamuuliza.

Akaniagizia kahawa. Niliinywa nikiwa nimesimama, nikaenda zangu.

Msimu uliofuata wanunuzi walipandisha bei, wakapita kiwango nilichoweza kuwapatia wakulima. Walitaka kunimaliza. Wakulima wangu wakaanza kuniacha, na mwisho yule mjane alikuja kuniuliza, akiona haya, kama itakuwa vibaya akiuza kwao.

"Uza," nikamwambia. "Na wakiishusha, nijulishe."

Mjini wakasema mwenye shahada ameanguka. Baba aliyasikia msikitini, akaja kuniuliza kama ni kweli. Nikamweleza kwamba mkulima wa kusini sasa anapata alichostahili, na wanaomlipa ni wale wale waliokataa kupandisha bei. Akauliza nitafanya nini. Nikamwambia huko Malindi kuna ufuta, na wanunuzi wake nao wana baraza yao.

Kulipokucha nilipanda lori la Malindi, mama akanifungia makanda matupu nyuma.