Bango la Kuwatukana Wajomba

Kitambaa cha suti kilikuwa kikitoka Kampala. Kabla ya Oktoba 1990 hilo halikumshtua mtu. Baba yangu alikuwa fundi cherehani pale Gitega, mtaa wa Kigali, na baadhi ya wateja wake walikuwa waheshimiwa wa Kiyovu, mtaa wa wakubwa, walioshuka na magari yao hadi kwetu kupimwa mabega. Wakiuliza kitambaa kimetoka wapi, Baba aliwajibu, "Kwa mashemeji zangu," nao wakacheka, maana walijua mkewe, mama yangu, ni Mkiga wa Kabale, ng'ambo ya mpaka wa Uganda. Ukiondoka Kigali asubuhi, chakula cha mchana ulikula kwa bibi mzaa mama.

Nchi yetu ilijisifu siku hizo kwamba haina ugomvi na mtu. Uganda ilikuwa kubwa, yenye jeshi lililozoea vita. Sisi tulikuwa wadogo, tumekaa kimya ubavuni mwake, na petroli na sabuni zetu zilipitia kwao. Wakubwa wa nchi hizi mbili walipokutana, redio iliwaita ndugu.

Kisha vita vikaingia kutoka kaskazini. Waliokuja walikuwa Wanyarwanda, watoto wa wakimbizi waliokulia Uganda, lakini walikuja na sare na bunduki za jeshi la huko. Mwanzoni redio iliwaita wavamizi. Haikuchukua muda ikaanza kusema Waganda, kana kwamba nchi nzima imevuka mpaka na mapanga. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, kazi yangu kutia vifungo na kukunja pindo, na redio ilishinda mezani petu ikizungumza. Nililisikia neno hilo likibadilika siku hadi siku, kutoka jina la watu hadi tusi.

Mama alikuwa na Kinyarwanda chake cha milimani, anachokivuta kama Wakiga wote. Zamani wanawake wa bombani walimtania kwa hicho, naye akazidi kukivuta ili wacheke. Sasa akifungua mdomo walinyamaza. Mmoja alimwuliza, kwa upole kabisa, "Mama, ndugu zako wanataka nini kwetu?"  Mama alijitwika ndoo ikiwa haijajaa akarudi nyumbani.

Tangu hapo akaacha kusema Kinyarwanda nje ya nyumba. Alitumia Kiswahili. Babu yangu, baba yake Baba, alikuwa mfanyabiashara aliyetoka pwani, kwa hiyo Kiswahili ndicho tulichokisema nyumbani, na Mama alikisema vizuri kuliko majirani wote. Alidhani amepata pa kujificha. Waislamu na wachuuzi wa mjini walikisema siku zote, na hakuna aliyewahesabia kabila.

Siku moja tulikuwa tukitoka sokoni, tukasimamishwa kwenye kizuizi. Askari alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Wewe mama, unatoka wapi?"

"Hapo sokoni, mwanangu. Tunarudi Gitega."

Askari alisogea karibu. "Kiswahili hii yako iko safi sana. Kule mbele vitani, wale adui wanasema hii hii. Ulijifunza wapi?"

"Kwa mume wangu. Baba yake alikuwa mtu wa pwani."

Nilidakia kwa Kinyarwanda, haraka haraka, kwamba huyu ni mama yangu, sisi ni wa kwa fundi, baba yangu ameshona sare za shule za mtaa mzima. Nilisikia sauti yangu ikipanda. Askari alitupungia mkono tupite. Tulipoingia ndani, Mama akamgeukia Baba aliyekuwa cherehanini.

"Sasa niseme kitu gani?"

"Sema kidogo," Baba alisema.

Alisema kidogo kwa miaka miwili. Ndani ya nyumba akawa mtu wa kusimama na kukaa. Angeanza kuchambua mchele akauacha, aende uani, arudi, aniulize kama kuna mtu amepita. Nami nikaambukizwa. Nilikuwa nikishona huku sikio liko barabarani.

Vyama vingi vya siasa vilipoingia, kila chama kilitaka kofia na bendera, na Baba akawashonea wote. Alipoulizwa yeye yuko wapi alisema sindano haina chama. Maneno hayo yalitosha, hadi alipokuja mteja wake wa zamani, afisa mmoja wa serikali aliyekuwa na ofisi Kimihurura. Suti zake zote alishonewa na Baba, kwa kitambaa cha Kampala. Alikuja na marobota ya kitambaa cheupe na cheusi, pamoja na maneno yaliyoandikwa kwenye karatasi. Kulikuwa na maandamano yanakuja, na walitaka bango kubwa la kubebwa mbele. Maneno yalimwita jirani yetu Uganda mwizi, na chini yake walitaka fisi mweusi aliyevaa kofia ya kijeshi.

Baba alisoma, akaikunja karatasi. "Mheshimiwa, sisi hapa ni watu wa suruali. Hatuko upande wowote."

"Mzee fundi, siku hizi hata asiye na upande ana upande," yule afisa alisema. Hakusema kwa vitisho. Alitazama mlango wa ndani, pazia lilipokuwa, akasema, "Msalimie mama."

Baba alikaa na kitambaa kile bila kukigusa. Kila nilipomwuliza alisema kesho. Yule afisa alimtuma mtu kuulizia, na mtu huyo hakukaa alipokaribishwa. Alisimama mlangoni akiangalia huku na huku. Alipoondoka, Mama alitoka uani akifuta mikono kwenye kanga.

"Nipe hicho kitambaa."

"Acha, mke wangu. Nitawaambia cherehani imeharibika."

"Na wakija kuitazama? Watamkuta nani humu ndani, wewe au mimi?"

 Mama alitandika kitambaa sakafuni, akapiga magoti, akakata herufi moja moja. Fisi alimkata kwa mkono bila kuchora, na alitoka fisi kweli, mgongo umeinama, meno nje. Nilipomsaidia kupiga pindo niliona ametulia kuliko nilivyomwona kwa muda mrefu. Nilitaka alie, au akasirike. Nilimwambia, "Mama, hawa si ni wajomba zangu?"

"Ndiyo," alisema. "Shika vizuri, usivute."

Siku ya maandamano tulisimama kando ya barabara, kwani waliobaki majumbani walitiliwa shaka. Bango lilipita limenyooka vizuri. Mwanamke mmoja wa bombani alisema fisi amependeza. Mama alisema asante.

Mwanzoni mwa 1994, wakati kulikuwa na mkataba wa amani uliosainiwa na ambao hakuna aliyeuamini, dereva wa lori alituletea habari kwamba bibi ni mgonjwa sana. Njia fupi ya kaskazini ilikuwa imefungwa kwa vita tangu mwanzo. Mama aliamua kuzunguka: Rusumo, Tanzania, Bukoba, kisha aingie Uganda kwa mlango wa nyuma, mpaka Masaka, Mbarara na Kabale. Baba alimwambia asubiri mambo yatengemae.

"Nimekaa tayari kwa safari tangu vita vilipoanza," Mama alisema. "Nimechoka kukaa hivyo."

Alinikumbatia kwenye kituo cha mabasi, akaniagiza nimpikie baba yangu chakula laini kwa sababu ya meno yake. Baada ya muda tukapata salamu kwamba amefika na bibi angali hai. Kisha ukaja mwezi wa Aprili na mauaji yake.

Sitayaeleza yote ya miezi ile. Tulijifungia ndani na majirani ambao hawakuwa na mahali pengine pa kwenda, na baadhi yao walichukuliwa mbele ya macho yetu. Jeshi moja lilikuwa kwenye kilima hiki, jingine kile, na mabomu yalipita juu ya Gitega. Baba alitoka asubuhi moja kutafuta maji. Bomu lilianguka karibu na bomba. Hakuna aliyejua limerushwa kutoka kilima kipi, nami sikumwuliza mtu. Tulimzika uani, mimi na wanaume wawili wa msikitini.

Mapigano yalipokwisha nilipata lori la kwenda kaskazini. Kabale ilikuwa na baridi, na watu wanauza viazi kando ya barabara kama kawaida. Mama alinipokea mlangoni kwa bibi. Alitazama nyuma yangu, barabarani, akangoja kidogo, kisha akaniuliza kama nimekula.

Nilimweleza habari za Baba kesho yake, tukiwa shambani. Aliendelea kupalilia mpaka mwisho wa tuta.

Bibi alifariki kabla ya mwaka kwisha. Kaka zake Mama, wajomba zangu, walimsihi abaki. Walimkatia kipande cha ardhi na kuanza kumjengea. Aliwashukuru, akasema mume wake yuko Gitega peke yake. Tulirudi pamoja, na akatandika kitanda chake katika chumba kinachotazama uani.