Nilichokata Katika Masomo ya Mwalimu

Mwalimu wa hisabati aliniita shuleni kwao, nje kidogo ya mji wa Nyeri, wiki tatu kabla ya kwenda Nairobi kupasuliwa koo. Daktari alikuwa amemweleza wazi kwamba uvimbe ungetolewa na sauti ingeondoka nao. Watoto wake wa gredi ya sita walikuwa hawajamaliza hesabu za sehemu. Alitaka wazimalize wakimsikia yeye.

"Fundi, nasikia unaweza kuweka mtu kwa kompyuta," aliniambia. "Basi niweke haraka, bado naongea."

Mimi si mwalimu. Kompyuta nilijifunza mwenyewe kwa miongozo niliyopakua mtandaoni, nikiandika kila hatua katika daftari. Nilimbania kipaza sauti kidogo kwenye kola ya sweta, nikaegemeza simu juu ya madawati mawili yaliyopandana, nikamrekodi akifundisha.

Hakufundisha moja kwa moja. Akianza na theluthi ya gunia la mchele, alisimama kuuliza nani amewahi kufika Mwea, na kama ni kweli mchele wa kule ukipikwa majirani wote hukumbuka kukusalimia. Mtoto akikosea, alimwita kwa jina na kumwambia, "Kaa chini upumzike, hiyo akili imelemewa na githeri ya mchana." Kisha alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu.

"Hiyo ya kukohoa usiweke," aliniambia siku moja.

"Nitaikata, mwalimu."

"Na hii sura ya njaa pia ukate."

"Sura siwezi."

"Ati fundi!" akasema, na darasa zima likacheka.

Masomo yalikuwa yawekwe kwenye tovuti ya shule ili watoto wayafungue hata nyumbani kwa simu za wazazi, na wazazi wengi hununua bando ndogo za intaneti. Faili zilipaswa kuwa nyepesi. Nilikata kikohozi. Halafu nikakata vicheko, habari za Mwea, majina aliyoyaita, na kimya alichowaachia watoto wafikiri. Somo la dakika arobaini likawa la dakika kumi na moja, nami nikaridhika sana. Diski ilipojaa, nilifuta rekodi za mwanzo. Daftari langu lilisema hivyo: kazi ikikamilika, futa rekodi ghafi.

Alirudi shuleni muhula uliofuata, skafu shingoni, kibao kidogo cheupe cha kuandikia mkononi. Walimu wenzake walimwekea kiti nyuma ya darasa. Niliwasha projekta, nikafungua tovuti, na sauti yake ikatoka kwenye spika, safi, bila mkwaruzo.

Watoto waliandika kimya. Msichana wa dawati la mbele akainua mkono kuelekea picha ukutani. Picha iliendelea kusema. Aliuacha mkono juu mpaka swali la tatu, kisha akaushusha na kumwambia jirani yake, "Huyu wa ukuta hajui hata jina yangu."

Mwalimu alinipungia mkono nisimamishe. Aliandika kwenye kibao na kunigeuzia: *Weka ile ya mchele. Pale nilicheka.*

Nilifungua folda nikaifunga, nikaifungua tena, ingawa nilijua.

"Haipo, mwalimu. Niliikata."

Akaandika: *Zile za kwanza?*

"Nilizifuta."

Alikitazama kibao kwa muda, kana kwamba maneno hayo yalikuwa yameandikwa na mtu mwingine. Kisha akakifuta kwa mkono wa sweta na kunionyesha kwa kidole niendelee.

Niliendelea. Aliketi na watoto wake mpaka mwisho wa somo, na midomo yake ikawa inafuata maneno. Kila nilipokuwa nimekata, midomo iliendelea na yale yasiyokuwepo, halafu ikasita, ikitafuta sauti ilikuwa imefika wapi.